Mashine Imesafishwa, Mwizi Bado Yumo

Hotuba kwa makarani wa skuli, wenye maduka ya steshenari na mafundi wa kompyuta, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masheha mliofika, walimu wakuu, ndugu zangu mafundi, na nyinyi makarani ambao hasa nimekuja kwa ajili yenu, ahsanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja kusikiliza habari za kompyuta.

Mwenyekiti amesema nitazungumzia virusi. Virusi ni vingi. Vipo vinavyofuta faili, vipo vinavyofunga faili na kudai fedha, vipo vinavyojaza matangazo kwenye kioo mpaka mtu akashindwa kuandika barua. Leo nazungumzia aina moja tu, ile inayoingia ikatulia, ikamwachia mtu aliye mbali njia ya kuingia na kutoka ndani ya mashine yako kama atakavyo. Tunaiita mlango wa nyuma. Haikuharibii kitu, kwa sababu aliyeiweka hataki ujue kama yupo. Anasoma barua zako, anaokota nywila unazoziandika, anachukua orodha za wanafunzi na hesabu za ofisi. Siku akitaka kuiuza nafasi hiyo kwa mwizi mwengine, anaiuza, na huyo wa pili ndiye atakayekufungia faili na kukudai.

Na tabu tuliyonayo hapa kisiwani ni kwamba tunafuta faili tukadhani tumemtoa mtu.

Karani wa skuli moja aliniletea laptopu ya ofisi kipindi cha kusajili watahiniwa. Akanambia, "Maalim, hii nimeshaisafisha mpaka nimechoka. Antivairasi inasema iko safi, siku mbili tu inarudi ile ile." Nikamuuliza, "Unasafisha nini, mwanangu?" "Kompyuta." "Na flashi?" Akaitoa mfukoni, imefungwa kamba na ufunguo wa kabati la ofisi.

Flashi ile sikuichomeka kwenye laptopu yake. Niliichomeka kwenye mashine ya karakana isiyokuwa na intaneti na inayotumia Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, kwa sababu mfumo ule hauheshimu maficho ya Windows, unakuonesha kila kilichomo. Yeye kwenye Windows yake alikuwa akiona ikoni moja tu, yenye jina la flashi yenyewe, ndani ya flashi. Akiibonyeza, linafunguka dirisha jengine na faili zake zote zimo. Kwangu mimi ilionekana hivi: ile ikoni ni shotikati, yaani kifaili kidogo ambacho kazi yake ni kufungua kitu chengine, na pembeni yake kuna folda isiyokuwa na jina. Jina lipo, lakini ni nafasi tupu, ile herufi ambayo jicho halioni kitu. Ndani ya folda hiyo zimo alama za mtihani wa majaribio, orodha ya watoto wa darasa la saba na barua za kwenda wizarani. Na ndani zaidi, faili tatu ambazo karani hakuziweka yeye.

Faili ya kwanza ni programu halali kabisa ya kampuni inayojulikana, ina saini yake ya kidijitali na saini ni ya kweli. Ya pili ni faili ya maktaba, ile ambayo programu ikiwaka huiita kwa jina ije kuisaidia. Maktaba hii ni ya bandia, imepewa jina la ile ya kweli, na programu haikaguzi, inaita tu. Ya tatu ni bonge la data iliyofungwa kwa msimbo. Ukibonyeza ile shotikati, programu halali inawaka, inaiita maktaba ya bandia, maktaba inalifungua lile bonge ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha lile dirisha lenye faili zako linafunguka kama kawaida. Mwalimu anapata alama zake, anaendelea na kazi. Hakuna kilichomshtua. Antivairasi ikiangalia mlangoni imeiona saini ya kampuni kubwa, ikapisha.

Alama zote zile ni za mlango wa nyuma uitwao PlugX, na habari yake ni vizuri mkaijua. PlugX inajulikana tokea 2008, na imekuwa ikitumiwa na vikundi vya udukuzi vinavyohusishwa na China. Baadaye wenyewe wakaiongezea uwezo wa kujisambaza kwa flashi, na hapo ndipo ilipowatoka mkononi. Ikaenda kokote inakokwenda flashi. Seva iliyokuwa ikiziamrisha mashine hizo ikaachwa, lakini mashine zikabaki zinaiita kila siku. Septemba 2023, kampuni ya usalama ya Ufaransa iitwayo Sekoia ikaichukua anwani ya seva ile. Iliwagharimu dola 7. Wakakaa kusikiliza. Kila siku zikawa zinapiga hodi anwani za mtandao baina ya 90,000 na 100,000, na kwa miezi sita wakahesabu anwani zaidi ya milioni 2.5 kutoka nchi zaidi ya 170. Nigeria ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Mtu yeyote mwenye dola 7 na nia mbaya angeweza kuwatangulia.

PlugX yenyewe ina amri ya kujifuta iliyowekwa na walioitunga. Serikali ya Marekani ilitangaza Januari 2025 kwamba kwa ruhusa ya mahakama, na kwa kushirikiana na Wafaransa, imeitumia amri hiyo kuitoa PlugX kwenye kompyuta 4,258 za nchini mwao. Lakini amri ile inaitoa kwenye kompyuta tu. Flashi iliyokuwa kwenye droo siku hiyo haikuguswa, na siku ikichomekwa kwenye mashine safi, na mtu akaibonyeza ile shotikati, kazi inaanza upya. Serikali yenye nguvu zile imekwama pale pale alipokwama karani wetu.

Waliolima hapa wanaijua ndago. Ukikata majani umejifurahisha, kiazi kimebaki chini. Basi mnielewe ninapowaambia kwamba flashi moja ya Pemba inapanda boti Mkoani asubuhi na mchana inashuka Malindi, Unguja. Tukisafisha mashine moja moja, kila mtu kwa siku yake, hatutamaliza.

Sasa nije kwenye kuitoa, maana ndicho mlichonifuatia.

La kwanza kabisa, ukishatuhumu, ikate mashine na mtandao. Chomoa waya, zima waifai, zima hotspoti ya simu. Usianze kufuta kitu wakati aliye upande wa pili anakuona. Na usibadilishe nywila kwa kutumia mashine ile ile, watu wengi wanakosea hapo: anagundua ameingiliwa, anakimbilia kubadilisha nywila ya barua pepe pale pale, na nywila mpya inakwenda kwa mwizi kabla haijakauka. Chukua simu au kompyuta nyengine unayoiamini. Anza na barua pepe, kwa sababu aliyeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu chako. Ukishabadilisha, toa vifaa vyote vilivyokwishaingia, washa uhakiki wa hatua mbili, kisha ingia kwenye mipangilio uangalie mambo mawili: namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako kweli? Na je, kuna amri ya kupeleka nakala ya barua zako kwenye anwani usiyoijua? Hiyo ya pili inasahauliwa sana. Unaweza ukaitupa kompyuta baharini na barua zikaendelea kumfikia mtu kila siku.

Baada ya hapo kagua mashine. Windows ina Microsoft Defender, na ndani yake kuna ukaguzi uitwao Offline, ambao unaizima Windows na kukagua kabla haijawaka. Unachukua kama dakika 15. Tumieni huo, kwa sababu programu hasidi nyingi zinajua kujificha Windows ikiwa inatembea. Ila kabla ya kuuendesha, fungua ile orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Nimezifungua orodha hizo kwenye mashine za watu nikakuta diski C nzima imeandikwa humo. Antivairasi imefungwa macho, halafu mwenye mashine anafurahi kwamba haioni kitu.

Mafundi, kwenu nyinyi kuna zana iitwayo Autoruns, ya Mark Russinovich, inapatikana bure kwa Microsoft wenyewe. Inakuonesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows: huduma, kazi zilizopangwa kwa saa, funguo za rejista, viongezo vya kivinjari. Pita mstari kwa mstari. Palipokosekana jina la mtengenezaji, au panapoelekezwa kwenye folda za muda za mtumiaji, simama hapo. Tazama orodha ya watumiaji wa mashine kama kuna msimamizi asiyejulikana. Tazama kazi zilizopangwa, maana mlango wa nyuma unapenda kujiwekea kazi ya kujiamsha kila baada ya dakika chache. Unaua programu, baada ya muda mdogo imerudi. Na hili fanyeni kila mara: mkiwa kwenye ukurasa wa kuandika nywila, kabla hamjaingia, bonyezeni Shift mara tano. Kitakiwacho kutokea ni kisanduku kidogo kinachouliza habari za vitufe vya kunata. Likitokea dirisha jeusi la amri, kuna mtu ameibadilisha faili ile, na anaweza kuingia kwenye mashine hiyo bila ya nywila, tena akiwa na mamlaka makubwa kuliko mwenyewe.

Mkishayafanya yote hayo, lipo swali moja la kujibu. Kila kitu ulichokikuta umeweza kukieleza? Kama kuna kimoja hukukielewa, piga Windows upya, yaani ifute yote uiweke mpya. Mimi nakwenda mbali zaidi: mashine yenye hesabu za fedha za watu au kumbukumbu za watoto, nikishakuta mlango wa nyuma ndani yake, siisafishi. Naifuta. Muda niliokuwa niutumie kusaka vipande nautumia kutafuta iliingiaje. Najua karani hapendi kusikia hivyo, na najua mwalimu mkuu ataniuliza kwa nini nimechukua siku mbili. Lakini mashine iliyosafishwa nusu ni mbaya kuliko chafu, kwa sababu watu wameshaanza tena kuiamini.

Na kupiga Windows kuna namna yake. Flashi ya kupigia itengenezwe kwenye mashine nyengine, kutoka kwenye tovuti ya Microsoft. Futa sehemu zote za diski, siyo C peke yake ukaacha D kwa kuwa ndiko ziliko picha za harusi. Zinazorudi ni nyaraka tu: maandishi, majedwali, picha, tena baada ya kukaguliwa. Programu hairudi hata moja kutoka kwenye nakala ya zamani, shotikati hairudi, na faili ya Word au Excel inayokuomba uwashe makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, iwekwe kando kwanza. Wapo wadukuzi waliofika mpaka kwenye chipu inayoiwasha kompyuta, chini ya Windows kabisa. Kampuni ya usalama ya ESET iliionesha moja mwaka 2018, LoJax, ambayo inabaki hata ukibadilisha diski. Hizo ni adimu sana, msilale kwa khofu yake. Ya kwetu yanatoka kwa kufuta.

Siku hiyo hiyo zikusanywe flashi zote za ofisi. Zote, ya mhasibu, ya msaidizi, ile ya mwalimu wa zamu iliyovunjika kifuniko. Zifunguliwe kwenye mashine isiyo ya Windows, nyaraka zitolewe, flashi zifutwe, nyaraka zirudishwe. Na kifaa cha intaneti kibadilishwe nywila, maana kwenye ofisi nyingi bado ni ile iliyokuja nacho dukani.

Ndugu zangu mafundi, sasa naomba niseme na nyinyi mbele ya wateja wetu, na nasema kwa mapenzi. Milango mingi tunaiingiza sisi. Mteja anataka Windows ya bei ndogo, tunampigia ya kreki, yaani iliyovunjwa leseni kwa programu ya wizi. Kreki inadai Defender izimwe kwanza, tunaizima. Hatuiwashi tena, kwa sababu ikiwashwa itaifuta kreki. Tumempa mtu mashine isiyo na ulinzi, na ndani yake kuna programu iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, yenye mamlaka yote. Mwambieni mteja ukweli. Laptopu nyengi zinakuja na leseni yake tayari kwenye ubao, ukipiga toleo lile lile inajitambua yenyewe bila ya kreki. Mteja asiye na leseni na mwenye kazi za kuandika tu, mwekeeni Linux na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Na tena, AnyDesk na nyenziwe, za kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali: ni programu halali, mimi mwenyewe naitumia kumsaidia mteja aliye Wete nikiwa hapa. Ila ukiiacha na nywila ya kudumu baada ya kazi kwisha, umeacha mlango. Kazi ikisha, iondoe, na mteja akuone ukiiondoa.

Wenye nyumba za wageni waliokuja, kwa ufupi: tovuti zenu nazo zina yake. Ingieni kwenye folda ya picha zinazopakiwa. Humo hapana haja ya kuwemo faili ya PHP, yaani faili ya amri za kuendeshea tovuti. Ikiwemo, basi kuna mtu anaiendesha tovuti kutoka nje. Angalieni na orodha ya wasimamizi, badilisheni na nywila ya hifadhidata.

Kuna watu wanasema mambo haya ni ya wakubwa, Pemba nani atatutafuta. Hutafutwi. Unakutwa tu. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Ukraine iliyotengeneza programu ya hesabu za kodi, M.E.Doc, ilidukuliwa, na masasisho yake yakatiwa mlango wa nyuma. Tokea mwezi wa nne wateja wanasasisha programu ya mhasibu kwa nia njema, na baadhi ya masasisho yanafungua mlango. Tarehe 27 Juni ukatumiwa: ikapita programu haribifu iitwayo NotPetya, ikafuta mashine. Miongoni mwa walioipata ni Maersk, ambayo makontena yake mmeyaona bandarini. Kampuni iliyosafirisha mizigo ya dunia ikarudi kwenye kalamu na karatasi. Mwenyekiti wao wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza baadaye kwamba ilibidi wapige upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Na seva zilizobeba orodha ya watumiaji wote wa kampuni zilikuwa zimefutika dunia nzima, isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Umeme ulikatika pale, seva ikazimika kabla ya kuambukizwa, na kwa hiyo moja wakaijenga kampuni upya. Wazanzibari, ambao Unguja yetu ilikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua umeme ukikatika unavyotia hasara. Maersk ulimuokoa, kwa sababu nakala moja ilikuwa haikuunganishwa na kitu.

Hilo tunaweza kulifanya kwa makusudi. Kila skuli na kila ofisi iwe na diski ya nje inayochomekwa siku ya kunakili tu, ikachomolewa, ikafungiwa kabatini. Diski mbili kwa zamu ni bora zaidi. Ile inayobaki imechomekwa mchana na usiku haihesabiwi kuwa nakala, itafutwa pamoja na mengine.

Tena, ikiwa fedha zimepotea au siri za watu zimetoka, msifute kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi huku Zanzibar kama Bara, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ya ruhusa ni kosa ndani yake. Lakini polisi hawawezi kufuata alama mlizokwishazifuta. Itoeni diski kama ilivyo, andikeni tarehe na aliyeitoa, ihifadhiwe, mweke diski nyengine mfanye kazi.

Wenye steshenari, ombi langu kwenu ni kubwa kuliko la wengine, maana flashi za mji mzima zinapita kwenye mashine zenu. Kompyuta ya kupokelea flashi za wateja iwe peke yake, isiwe na barua pepe yenu wala hesabu za duka, na iwe ya Linux. Kutoa printi ya Word na PDF inatosha kabisa. Mkiona shotikati yenye jina la flashi, mwambieni mteja hapo hapo, msimchapie mkanyamaza. Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tokea Oktoba 14, 2025, kwa hivyo zile mashine za zamani mlizonazo kaunta ndizo za kuanza nazo. Kuziwekea Linux nitakuja mwenyewe dukani kwa anayetaka, na sitochukua fedha kwa kazi hiyo.

Walimu wakuu, diski za nje ziombwe kwenye bajeti sasa, kabla usajili wa watahiniwa haujafunguliwa, kwa kuwa kipindi hicho ndicho flashi zinapozunguka kuliko wakati wowote. Meza yangu iko pale karibu na mlango, nina mashine ya kukagulia. Mwenye flashi mfukoni aje nayo kabla ya adhuhuri.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.